Bei ya Pasi ya Mkaa

Kariakoo, Dar es Salaam
Jumamosi, 6 Novemba 1993

Kaka Panta,

Shikamoo. Barua hii nimeichomeka ndani ya bahasha ya duka, kwa ruhusa ya tajiri, kwa hiyo ukifungua orodha ya bei utaniona mimi kwanza.

Orodha hiyo nimeipiga taipu mwenyewe! Mzee Harilal aligawa kazi: Hinal, binti yake niliyekuambia tunasoma darasa moja, amepewa za bara, mimi nimepewa za kusini, kwa kuwa nayajua majina ya wateja wa kwetu. Nakala tano za Masasi, na kaboni katikati. Mzee Shukuru, karani, ndiye mwenye kazi ya kuzisoma na kugonga muhuri. Leo alikuwa anafunga mizigo, jasho linamtiririka, akagonga bila kusoma. “Wewe ndiye msomi,” akaniambia, “mimi nisome nini tena?” Nilicheka, lakini moyoni nilifurahi sana.

Wiki ijayo ni Diwali. Duka litafungwa siku chache, kisha litafunguliwa Alhamisi ya tarehe kumi na nane na vitabu vipya vya hesabu. Hinal ameniambia jambo ambalo sikulijua. Agizo la kwanza baada ya kufungua vitabu hivyo halikataliwi na wala halibishaniwi. Hata mtu akiagiza sindano moja, atapelekewa. Kulirudisha ni kama kuufukuza mwaka mzima mlangoni. Tena siku zote tajiri husema karatasi yenye muhuri wake ni mdomo wake. Ndiyo maana watu wa huko humtumia fedha bila kumwona hata sura. Mimi naona ni jambo zuri.

Mama anaendeleaje na macho? Bado anashona kwa mkono? Msomee barua hii yote, usiruke.

Ni mimi mdogo wako,
Mboni


Ilala
Jumapili, 7 Novemba 1993

Kaka Panta,

Shikamoo. Leo sina maneno mengi, nina hofu.

Jana niliondoka dukani na nakala moja ya ziada iliyopauka, nijalidie daftari la Jiografia. Leo baada ya misa nilipokuwa naikunja ndipo nikaona. Mistari miwili nimeigeuza. Cherehani ya miguu nimeiandikia bei ya pasi ya mkaa, na pasi ya mkaa nimeiandikia bei ya cherehani. Elfu tatu na mia mbili badala ya elfu arobaini na tano! Nimeisoma mara sita nikitumaini kwamba macho yangu ndiyo mabovu.

Bahasha zimekwisha kwenda na basi. Kaka, kusini nakutegemea wewe. Wanaopokea orodha Masasi ni watano tu, nawe ni mmoja wao, wote mnajuana. Tafadhali wazungukie, uwaambie wakate mistari hiyo miwili kwa kalamu na waandike bei sahihi. Kesho baada ya shule nitakwenda kwa tajiri nimweleze. Naogopa, lakini nitakwenda.

Shangazi Mektilda hapa nyumbani anakusalimu. Sijamwambia.

Mdogo wako,
Mboni


Masasi
Jumatano, 10 Novemba 1993

Mwalimu wangu Mboni,

Marahaba. Kwanza futa machozi. Najua umelia, wewe hata ukivunja kikombe unalia.

Barua yako nimeipata jana jioni. Leo nimefunga kibanda, nimepanda baiskeli, nimewazungukia wote wanne. Nimekata kwa kalamu yangu mwenyewe, nikaandika bei sahihi juu, wakanishukuru. Mmoja alikuwa amekwisha kuagana na mkewe auze shamba, aje Dar anunue cherehani zote za dunia. Tumecheka sana.

Sasa nisikilize kaka yako. Usimwambie mzee. Ukimwambia atakusifu kwa ukweli, kisha Jumamosi inayofuata utakuta msichana mwingine kwenye taipureta. Nawajua matajiri. Kosa limekwisha kuzibwa huku, hakuna aliyeumia, kwa nini uamshe aliyelala? Kama umekwisha kumwambia, basi. Kama bado, nyamaza, soma vitabu vyako. Mitihani ya kufunga mwaka iko karibu.

Mama hajambo. Nimemsomea yote.

Kaka yako,
Pantaleo


Ilala
Alhamisi, 18 Novemba 1993

Kaka Panta,

Shikamoo.

Jumatatu ile nilifika mpaka mlangoni kwa tajiri. Kulikuwa na wateja wengi, nikasema kesho. Kesho yake nikasema keshokutwa. Kisha barua yako ikafika, nikaiweka ndani ya daftari kama cheti cha daktari. Kila nilipoogopa niliisoma. Kwa hiyo sikusema.

Leo duka limefunguliwa. Mimi na Hinal tuliruhusiwa kuhudhuria kabla ya kwenda shule. Mama Hinal alikuwa ameshika sahani ya vitamutamu vya ladu, vitabu vipya vimepakwa alama nyekundu, ubani unafuka hadi barabarani. Tajiri akaniita. “Mboni, mkono wako ni mwepesi. Fungua bahasha ya kwanza, utusomee.”

Ilikuwa imeletwa na dereva mmoja wa lori, jina lake Eliakimu, tangu alfajiri. Alisimama nje ya mlango ili awe wa kwanza. Ndani mlikuwa na hawala ya posta na karatasi moja. Nikasoma kwa sauti: cherehani za miguu kumi, kwa bei ya orodha yenu yenye muhuri. Nikasoma na bei.

Mzee Shukuru akacheka. “Cherehani kwa bei ya pasi? Huyo kalewa uraka!”

Tajiri hakucheka. “Soma tena.”

Nikasoma tena. Dereva akatoa orodha mfukoni, akaifungua mezani. Muhuri ulikuwa pale, wa bluu. Mama Hinal akaweka sahani chini. Tajiri akaitazama ile karatasi, akavitazama vitabu vyake vipya, akasema taratibu, “Bahasha ya kwanza. Fungeni mzigo.” Kisha akamgeukia Mzee Shukuru. “Muhuri huu nani amegonga?”

“Mimi, tajiri.”

“Ulisoma?”

Mzee Shukuru alinitazama, Kaka. Alinitazama mara moja tu, kisha akatazama chini. “Sikusoma.”

Ameambiwa aende nyumbani mpaka atakapoitwa. Amefanya kazi pale miaka kumi na miwili. Aliondoka na mwavuli wake na kibakuli chake cha chakula, nami nilikuwa nimesimama na ile karatasi mkononi.

Agizo limesainiwa kwa jina la Eliakimu. Lakini wewe ndiye uliyenifundisha kuandika, kwenye mchanga, mbele ya jiko la Mama. Herufi K yako ina mguu mrefu unaopita chini ya mstari. Yangu pia. Niliitazama ile K mpaka ikaanza kucheza.

Niambie kwamba kuna mtu mwingine Masasi anayeandika hivyo. Nitakuamini.

Mboni


Masasi
Jumanne, 23 Novemba 1993

Mboni,

Marahaba.

Sitakudanganya, ni mimi.

Lakini usinipandie juu kabla hujanisikiliza. Uliniomba niwazungukie wenzangu, nimewazungukia. Uliniomba nikate kwenye karatasi zao, nimekata. Je, nilikuahidi nini kuhusu karatasi yangu? Soma tena barua yangu, wewe si msomi?

Mimi sikuiba. Sikuvunja mlango wala sikumtishia mtu kwa panga. Bei sikuiandika mimi, iliandikwa dukani kwao. Na yule mzee aliitazama kwa macho yake mawili akasema fungeni mzigo. Angeweza kukataa. Hakukataa. Sasa dhambi iko wapi?

Umesahau enzi za maduka ya kaya? Tulikuwa tunasimama foleni toka alfajiri kwa mche mmoja wa sabuni, tukifika mbele tunaambiwa imekwisha, na nyuma ya duka inatoka kwa magendo. Nani alitusikitikia? Leo wanasema ni soko huria, kila mtu na akili yake. Haya, na mimi nimetumia akili yangu siku moja. Mfanyabiashara akipata kwa ujinga wangu inaitwa biashara. Mimi nikipata kwa kosa lake inaitwa nini?

Saba zimekwisha kuuzwa. Nitaezeka nyumba bati kabla ya masika. Ukifaulu kwenda kidato cha tano utavaa viatu ambavyo hata huyo Hinal hana. Na moja nimempa Mama. Ungemwona alivyolishika gurudumu lake, ungesahau hayo mengine yote.

Huyo Shukuru ataitwa tena. Watu wazima hawafukuzani kwa jambo dogo.

Nyamaza tu, Mboni. Umenyamaza siku zote hizo, umalizie.

Kaka yako,
Pantaleo


Masasi
Jumatano, 24 Novemba 1993

Kwa mwanangu Mboni,

Ni mimi Mama yako. Anayeandika ni Celina wa jirani, yuko darasa la sita, uvumilie mwandiko.

Mwanangu, nimekosa namna ya kuanza. Pantaleo amenisomea barua yako kwamba yule mzee wa Kihindi amekupa zawadi ya cherehani kwa sababu ya mwandiko wako mzuri, nawe ukasema, “Mimi sihitaji, pelekeni kwa Mama.” Nilimwambia asome tena. Akasoma tena. Nikalia, akanicheka, na Celina naye ananicheka hapa hapa anapoandika.

(Sicheki, dada Mboni. Celina.)

Nimekwisha kushona sketi nne za shule, na surua— Celina ananiambia niseme polepole. Na suruali moja ya Katekista, imempwaya nyuma lakini ameipenda. Majirani wanapita mlangoni kutazama. Nawaambia wote: hii imeletwa na kalamu ya mwanangu. Marehemu baba yako alisema tusikutoe shule hata tukilala njaa. Laiti angekuwepo.

Mwambie huyo mzee kwamba namwombea kila jioni, yeye na mkewe. Mungu wake na wetu wanafahamiana.

Mama yako


Ilala
Jumapili, 28 Novemba 1993

Pantaleo,

Barua ya Mama imenifikia Ijumaa. Nilikuwa bado naitafakari yako, nikitafuta jibu la yale maswali yako, kwa sababu mengine yalinishinda. Ni kweli tulionewa kwenye foleni. Ni kweli tajiri angeweza kukataa. Nilikuwa karibu kukubaliana nawe. Ya Mama imenisaidia kuona. Kama jambo ulilofanya ni halali, kwa nini hukumwambia hivyo? Ulishika barua yangu mbele yake ukasoma maneno ambayo sikuyaandika. Akakuomba usome tena, ukasoma tena.

Jana nimemwambia Mzee Harilal.

Nilimkuta yuko peke yake, anakata kitambaa cha sampuli. Nilisema yote kwa mfululizo kama shairi la darasani, maana niliogopa nikipumua nitaacha. Akaweka mkasi chini.

“Huyo Eliakimu unamjua?”

“Simjui. Mwandiko ni wa kaka yangu.”

“Ulijua tangu lini?”

“Tangu nilipofungua bahasha.”

“Na kosa la bei?”

“Tangu siku moja baada ya kuipiga taipu orodha, Jumapili.”

Akahesabu kwa vidole. “Siku kumi na moja mpaka bahasha ile,” akasema. “Mboni, kosa la karatasi ni langu, duka ni langu, muhuri ni wangu. Hilo nimelipa. Lakini siku kumi na moja ulikuwa unapita hapa mlangoni unaniamkia shikamoo.”

Nikamwambia kuhusu Mama na zile sala. Akageuza uso, akatazama rafu.

Kisha akaniambia nikamwite Mzee Shukuru, mimi mwenyewe. Nilikwenda kwake kwa miguu. Nilimkuta uani, anapara samaki ili mkewe akauze. Nilimwamkia, akaitika marahaba bila kuinua kichwa. Nilipokwisha kueleza, alinawa mikono, akaenda kuvaa shati la kazi. Njiani alisema neno moja tu. “Msomi, ungeniambia hata mimi. Ningejua nakaa nyumbani kwa ajili ya nini.”

Amerudi kazini. Mimi nimeruhusiwa kuendelea kuja Jumamosi, kufagia na kupanga majora ya nguo. Bahasha sitafungua tena. Hinal darasani amehamia dawati la mbele. Hajanitukana. Ningependa anitukane.

Tajiri hadai cherehani zirudi. Anasema neno lake likishatoka halirudi. Kwa hiyo usiogope polisi, ukae na bati zako. Nakuandikia ili ujue kwamba barua yako, ile iliyonituliza, niliibeba kila siku hadi ikachanika kwenye mikunjo. Nilidhani unanilinda. Kumbe ulikuwa unanifunga mdomo mpaka lori lifike.

Na kwa Mama nimeandika mwenyewe leo. Haiji kupitia kwako.

Mboni


Ilala
Jumapili, 28 Novemba 1993

Mama mpenzi,

Shikamoo. Celina, mdogo wangu, tafadhali funga mlango kwanza. Msomee Mama mkiwa wawili tu, na usome kila neno kama lilivyo, hata likiwa baya. Nakuamini.

Mama, sikupewa cherehani. Sijapewa zawadi yoyote na sikustahili. Nilikosea kuandika bei kwenye orodha ya duka, cherehani nikaiandikia bei ya pasi ya mkaa. Nikamwomba Pantaleo anisaidie kurekebisha, akarekebisha kwa wenzake, akajiachia yake. Akaagiza kumi kwa jina la mtu mwingine, siku ambayo nilimwambia mimi mwenyewe kwamba hawawezi kukataa. Mzee mmoja mwema alirudishwa nyumbani kwa ajili yetu. Nami nilinyamaza siku nyingi, kwa hiyo usinihesabu kuwa msafi.

Nilifikiri nisikuambie. Nilijua unavyoifurahia. Usiku nilikuwa nakuona unakanyaga, gurudumu linazunguka. Lakini unamwambia kila anayepita kwamba imeletwa na kalamu yangu. Siwezi kuacha uendelee kusema hivyo, Mama, kwa sababu ni kweli, na si kwa namna unavyodhani.

Sikuagizi ufanye nini. Wewe ni Mama.

Mitihani inaanza kesho. Nitaandika vizuri. Nitasoma kila mstari mara mbili.

Mwanao,
Mboni


Masasi
Jumapili, 12 Desemba 1993

Kwa mwanangu Mboni,

Anaandika Celina. Nimemwambia asiongeze la kwake.

Barua yako ilisomwa mlango ukiwa umefungwa, kama ulivyotaka. Celina alifika katikati akasema, “Mama Panta, niendelee?” Nikamwambia endelea. Alipomaliza nikamwambia arudie mwanzo, maana siku hizi nimejifunza kwamba barua ni vizuri kusomewa na watu wawili tofauti.

Nimekaa wiki nzima bila kujibu, nisamehe. Nilikuwa na hasira, na sikujua iende kwa nani. Siku nyingine ilikuja kwako. Nilisema, kwa nini mtoto huyu hakuniachia furaha yangu, ingemdhuru nini? Nakuambia ili ujue, maana nawe hukunificha.

Cherehani nimeifunika kanga. Mvua imeanza, madereva wanasema barabara imekatika, malori yamekwama njiani. Nyumba nzima naiona ile kanga tu. Watoto wawili wameleta vitambaa vya sare, nimewaambia mashine ni mbovu. Barabara ikifunguka nitaipandisha lori kwenda kwa mwenyewe. Nimeshona nayo siku kumi na mbili, umwombe radhi kwa hizo siku. Akikataa kuipokea, aikatae yeye, akiwa ameiona mlangoni kwake. Kazi hiyo ya kukataa si yangu.

Pantaleo alikuja jana. Nilimwita aingie, Celina akamsomea barua yako tangu mwanzo, yeye amesimama na kofia mkononi. Alisema maneno mengi: ya foleni, ya matajiri, ya bati. Nilimwacha aseme mpaka akaishiwa. Mwisho akasema, “Lakini Mama, aliyekosea ni Mboni.”

Nikamwambia ndiyo. Mboni alikosea. Wewe hukukosea, ulikusudia.

Alivaa kofia yake. Amekwenda, na leo misani sijamwona.

Mama yako